Mpe mwandishi asome kabla hujamuuliza

Kwa sisi tunaowahoji waandishi wa riwaya hapa Kigoma: kabla ya swali la kwanza, mfungulie kitabu chake ukurasa wa katikati, uliouchagua mwenyewe, asome kwa sauti. Shika penseli. Anapokwama, anapocheka au kubadili neno, weka alama. Maswali yako yaanzie hapo. "Wazo ulilipata wapi?" ana jibu lake la siku zote, ila sentensi aliyoisahau hajaiandalia kitu. Mhusika akitoka Tabora kwa treni, naye mwandishi akakisoma kituo cha Urambo vizuri na kukiruka kinachofuata cha Kaliua, muulize kuna nini Kaliua. Kwa simu haifai, mtandao unakatakata. Na ukurasa aliokwisha kuusoma kwenye uzinduzi usiuguse, ataughani tu kama shairi.