Kuunda jeshi la nchi yako ya kubuni: anza na sufuria

Wasee wengi tunaoandika hadithi za kubuni hapa Nairobi tunaanza na majoka na panga za moto, ndio maana jeshi linakosa uzito. Naomba uanze na sufuria. Askari mmoja anataka karibu kilo moja ya nafaka kwa siku, sasa watu 10,000 ni tani 10 kila siku, na hapo hujahesabu farasi wala punda wa mizigo ambao nao wanakula. Ukishapiga hiyo hesabu utajua vita vinaanza lini (mavuno yakishaingia) na vinapita wapi, mara nyingi kando ya mto.

Mwendo, jeshi kubwa kwa miguu weka kilomita 20 hivi kwa siku. Tao, yaani katikati ya Nairobi, hadi Thika ni kama kilomita 40, so usiwafikishe jioni hiyo hiyo tafadhali.

Vyeo si lazima uige Ulaya. Cheki Wamaasai, vijana wa rika moja wanakuwa morani pamoja, wanakula pamoja, hapo tayari una kikosi chenye undugu na wivu wake, hadithi inatoka yenyewe.

Na kama kuna joka, amua linakula ng'ombe wangapi kwa wiki na ni wa nani.