Namna ya Kupima Maoni ya Wahakiki Kuhusu Filamu Huru ya Mapenzi ya Safarini

Anayeandaa onyesho la filamu mjini Kisumu, iwe katika ukumbi wa shule au uani kwa kanisa, hana budi kujua jinsi wahakiki walivyoipokea filamu kabla ya kuwaalika watu. Kwa filamu huru, yaani iliyotengenezwa nje ya kampuni kubwa za filamu, inayosimulia mapenzi ya safarini, kazi hiyo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu wahakiki wanaoitazama huwa wachache, na aghalabu huiona kwenye tamasha wakiwa wamekwisha kuchoshwa na filamu nyingine za siku hiyo.

Anza na alama, ila usikomee hapo. Asilimia inayotolewa na Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya tahakiki za filamu, huonyesha ni wahakiki wangapi walioipenda filamu, wala si wastani wa alama walizoipa. Kwa hiyo filamu ambayo kila mmoja ameiona kuwa nzuri kiasi tu yaweza kupata asilimia 100. Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, hutoa wastani kati ya 0 na 100, na huwapa baadhi ya wahakiki uzito zaidi kuliko wengine. Angalia pia idadi ya tahakiki, kwani zikiwa 8 tu, mhakiki mmoja akigeuza kauli asilimia husogea kwa zaidi ya 12.

Kisha soma tahakiki zenyewe, za sifa na za lawama, ukitafuta hasa kama safari inawabadilisha wapenzi au ni mandhari tu yanayopita nyuma ya kioo cha gari. Lawama ya kwamba hakuna kinachotokea isikutishe upesi, maana mwongozaji asiye na fedha nyingi huegemea mazungumzo ya watu wawili garini. Lakini wahakiki wanaopingana katika kila jambo wakikubaliana kwamba waigizaji wakuu hawaendani, waamini.

Ikiwa filamu imepigwa katika barabara ya kwetu, jipe nawe kazi ya uhakiki. Atokaye Nakuru kwenda Kisumu kupitia Kericho hukutana na malori ya Salgaa, baridi ya Mau Summit na mashamba ya chai, ndipo ateremke hadi kwenye mpunga wa Ahero. Mhakiki wa mbali atasifu uzuri wa mandhari hata kama wapenzi wamepita Ahero kabla ya Kericho, tena bibi akiwa bado amevaa sweta zito saa saba mchana; watazamaji wako watacheka kabla ya busu la kwanza, na kicheko hicho hakimo katika asilimia yoyote.

Unapoandika tangazo, taja idadi ya wahakiki na unukuu sentensi nzima. Neno “inavutia” halifai kukatwa kutoka kwa mtu aliyeandika kwamba filamu inavutia kwa nusu saa ya kwanza pekee.