Mombasa kwa miguu: minara na michoro ya kisiwani

Wageni wengi hushuka Mapembeni, penye mapembe makubwa ya Moi Avenue, hupiga picha, kisha hudhani wameimaliza Mombasa. Mimi huanzia upande wa bahari, kwa sababu ya jua, na kwa sababu vitu vyenye uzito viko huko.

1. Ingia Fort Jesus asubuhi mapema. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Usikimbilie mizinga. Ulizia kwanza michoro ya ukutani: askari wa Kireno waliokaa humo walijichorea vyombo vya baharini, makanisa na watu. Hakuna mfalme aliyewaagiza wala fundi aliyelipwa, na kwangu mimi hakuna sanaa kisiwani inayoishinda. Waingereza walipokuja waliifanya ngome hiyo jela, hadi 1958.

2. Ukitoka, shika Ndia Kuu uingie Mji wa Kale. Tembea polepole ukitazama juu: roshani za mbao, halafu milango ya nakshi. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, utazame kwa nje tu kama si wakati wako wa sala. Watu usiwapige picha bila kuwaomba, hasa kina mama.

3. Chukua tuktuk hadi Mnara wa Mbaraki. Ni mnara wa mawe ya matumbawe, na wako wanaokwenda bado na ubani na marashi kwa nadhiri zao. Ukiwakuta, kaa kando.

4. Malizia Mapembe, Moi Avenue. Yaliwekwa 1952 kwa ziara ya Elizabeth wa Uingereza; ya alumini yakaja 1956, mdogo wake Margaret alipozuru. Picha mbili zatosha, na uangalie magari, maana yanapita chini yake.

Maswali ya wanachama

Swali: Kaka, hayo mapembe ni ya ndovu kweli?
Jibu: La, ndugu yangu, ni alumini tupu. Yamepandana yakafanya kama herufi M.

Swali: Sisi wa bara tunalipa kama wazungu pale ngomeni?
Jibu: Hapana. Mkenya ana bei yake, ya chini. Beba kitambulisho.

Swali: Nina watoto wawili, wataweza?
Jibu: Dada, nenda nao ngomeni na Mji wa Kale peke yake. Jioni wapeleke bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, wakacheze chini ya mibuyu, wale mihogo ya pilipili na madafu. Mapembe watayaona garini.