Namna ya Kuandika Maisha ya Mchezaji wa Kriketi wa Ridhaa Aliyekwenda Vitani

Anayetaka kuandika maisha ya mchezaji wa namna hii aanzie jeshini, si kwenye mechi iliyompa jina. Mfano wangu ni A. E. J. Collins, ambaye Juni 1899, akiwa na umri wa miaka 13, alipata mikimbio (alama za kriketi) 628 bila kutolewa, alama nyingi kuliko za mchezaji yeyote kabla yake, katika mechi ya mabweni ya Clifton College, mjini Bristol. Wengi waliomwandika wamemwacha hapo hapo uwanjani, kana kwamba hakukua.

Tafuta kwanza jina lake katika orodha ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi ya askari waliokufa vitani, ambayo husomwa bure kwenye intaneti na inayowataja pia waliolala katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam na Taveta. Utapata cheo, kikosi na tarehe: Collins, kapteni wa wahandisi wa kijeshi, Royal Engineers, aliuawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, tarehe 11 Novemba 1914, karibu na Ypres, Ubelgiji, na kwa kuwa hana kaburi linalojulikana, jina lake limechongwa kwenye lango la kumbukumbu la Menin Gate. Ukishajua kikosi na tarehe, itafute shajara ya vita ya kikosi hicho katika The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa iliyoko Kew, London, kwenye fungu la WO 95. Kama mtu wako alikuwa askari asiye na cheo cha ofisa, usishangae kukosa jalada lake la utumishi, maana mengi yaliteketea kwa mabomu mwaka 1940.

Ndipo ufungue daftari la alama, na hapa usiwe na haraka. Katika madaftari ya Uingereza ya kabla ya 1963, herufi za majina zikitangulia jina la ukoo, mara nyingi huyo ni mchezaji wa ridhaa. Zikifuata nyuma, ni wa kulipwa. Kisha jumlisha mwenyewe. Collins anahesabiwa pigo 1 la mikimbio sita, 4 za tano, 31 za nne, 33 za tatu, 146 za mbili na 87 za moja, na jumla yake ni 628 kamili, ijapokuwa mwandika alama anasimuliwa kusema kwamba huenda zikazidi au zikapungua 20. Wingi huo wa mbili usiupite bila kuuliza sababu: baadhi ya mipaka ya uwanja ilikuwa karibu mno, na mpira ulioivuka ulihesabiwa mbili tu. Angalia pia alichofanya akiwa na mpira mkononi, kwani katika mechi hiyo alichukua wiketi 11, yaani aliwatoa wapigaji mara 11, jambo ambalo wasimulizi hulisahau.

Kati ya 1899 na 1914 kuna miaka 15 ya kujaza. Collins alizaliwa Hazaribagh, India, akafiwa na wazazi, akasomea uofisa katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, London, akatumikia India, na akaoa katika majira ya kuchipua ya 1914. Tarehe za kupandishwa vyeo zitafute katika gazeti la serikali, London Gazette. Usiandike kwamba vita viliinyima Uingereza bingwa, kwa sababu hakuwahi kucheza kriketi ya daraja la kwanza, ngazi ya juu ya mchezo huo, na hata kabla ya vita alikwishachagua kazi ya jeshi.

Neno “rekodi” nalo lipe mwaka wake: ile 628 ilisimama hadi Januari 2016, mvulana wa Kalyan, karibu na Mumbai, alipopata 1,009.