Bwana mnunaji: muulize mtumishi wake kwanza

Kidato cha tano nilimpenda Rochester, bwana mnunaji wa riwaya ya Jane Eyre, hadi nikaandika jina lake kwenye jalada la daftari la Jiografia. Sasa binti yangu ana umri ule ule na ugonjwa ule ule, kwa hiyo nimempa penseli.

Mara ya kwanza soma riwaya tu, maneno matamu yakubebe. Mara ya pili weka alama kila bwana anapokutana na mtu asiyeweza kumjibu: mtumishi, mtoto, hata mnyama.

Anza na Heathcliff wa Wuthering Heights (1847), penseli itaisha mapema. Usiku wa kutoroka na Isabella anamtundika mbwa mdogo wa bibi harusi kwa leso. Nelly, mtumishi, ndiye anayemwokoa. Hareton, mtoto wa mtu aliyemwonea zamani, anamlea makusudi bila kujua kusoma, kisasi kwa marehemu baba wa mtoto huyo. Na Isabella anayemdhania shujaa wa mapenzi, Heathcliff mwenyewe anamcheka! Mwandishi alituonya humo humo kitabuni. Ndiyo, utotoni alionewa. Mhurumie kwa hilo, lakini huruma si posa.

Rochester ananipa shida, maana anazungumza na Jane, mwalimu wa nyumbani wa kuajiriwa, kama mtu wa akili sawa na yake. Hapo weka alama nzuri. Kisha panda hadi ghorofa ya tatu ya Thornfield, jumba lake, alikofungiwa Bertha, mkewe kutoka Jamaika, na ujiulize: maisha ya ndoa ile tunasimuliwa na nani? Na mume. Bertha hapewi hata ukurasa mmoja wa kujieleza.

"Mbona Jane anarudi kwake?" binti yangu aliuliza. Nikamwambia piga hesabu. Aliondoka karibu bila senti. Anarudi akiwa amerithi pauni 20,000, akawagawia binamu zake watatu na kubaki na 5,000. Haombi kazi tena.

Darcy wa Pride and Prejudice hana mengi. Kununa kwake ni kiburi na haya. Soma Elizabeth, msichana anayempenda, anapotembelea Pemberley, jumba la Darcy: msimamizi wa nyumba anasema hajawahi kusikia neno kali kwake tangu akiwa na miaka minne. (Anayelipwa mshahara naye angesema nini? Kwa hiyo angalia pia anavyolipa madeni ya Wickham, laghai aliyetoroka na mdogo wake Elizabeth, akitaka isijulikane.) Huyu nampitisha.

Binti yangu bado anamtetea Rochester. Jana nimekuta amefuta alama zangu mbili.