Ukitaka Kuruka, Agana na Nyonga: Mambo ya Kuzingatia Kabla Nchi Haijajitoa Katika Muungano

Tarehe 23 Juni 2016 wapigakura wa Uingereza waliulizwa kama nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au ijitoe, na asilimia 51.9 wakachagua kujitoa. Ambalo hawakuulizwa ni nchi ikishatoka iende wapi: ibaki ndani ya soko la pamoja kama Norway, ishirikiane na Umoja katika forodha kama Uturuki, au iwe na mkataba wa biashara tu kama Kanada. Kila njia kati ya hizo ina gharama na masharti yake, na waliopiga kura ya kutoka hawakuwa na picha moja vichwani mwao. Kwa hiyo serikali yoyote inayofikiria kuwapeleka wananchi wake kwenye kura ya namna hii inawajibika kwanza kuandika, kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa, ni uhusiano gani itakaoutafuta baada ya kutoka.

Jambo la pili ni notisi, na hapa ndipo ninapoomba subira kubwa zaidi. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya inatoa miaka miwili tangu nchi ilipotoa taarifa rasmi ya kujitoa, na muda huo hauongezwi mpaka nchi zote zilizobaki zikubali. Maana yake ni kwamba anayeondoka ndiye anayebanwa na saa. Theresa May, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alitoa notisi tarehe 29 Machi 2017, akaitisha uchaguzi uliofanyika Juni mwaka huohuo na kupoteza wingi wa viti, kisha mkataba alioujadili ukakataliwa na Bunge la Makabwela mara tatu mwaka 2019, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Tarehe ya kuondoka ilisogezwa mara tatu hadi 31 Januari 2020. Hata suala la nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha notisi lilifika Mahakama ya Juu, iliyoamua Januari 2017 kwamba lazima Bunge liidhinishe. Mambo haya yote yangeweza kumalizwa nyumbani kabla saa haijaanza kuhesabu.

Halafu wapo watu. Raia wa nchi za Umoja waliokuwa wakiishi Uingereza walitakiwa kuomba hadhi ya ukaazi kabla ya tarehe 30 Juni 2021, hata mzee aliyekuwa amekaa huko miaka arobaini, akalea watoto na kuzika mwenzi wake. Ujerumani na Hispania, kwa upande wao, ziliwahesabu Waingereza waliokuwapo kihalali kuwa na haki zao moja kwa moja kisheria, na karatasi ikawa ushahidi tu. Njia hii ya pili ndiyo ya haki, kwa sababu mtu hapaswi kupoteza makazi yake kwa kuchelewa kujaza fomu. Iamuliwe mapema na itangazwe mapema.

Sheria zilizotokana na muungano zihamishiwe katika sheria za nchi ili pasibaki pengo, na madeni ya michango iliyokwisha kuahidiwa yahesabiwe. Taasisi za muungano nazo zitaondoka: Shirika la Dawa la Ulaya lilihama London kwenda Amsterdam.

Mpaka unahitaji kutazamwa kwa makini kuliko yote. Kati ya Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, iliyobaki katika Umoja, kuna mpaka wa takriban kilomita 500 ambao, baada ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998 uliomaliza mapigano ya miaka mingi huko, watu huuvuka bila kusimamishwa. Kurudisha vizuizi hapo kungeitikisa amani iliyopatikana kwa damu nyingi. Ikabidi Ireland ya Kaskazini iendelee kufuata kanuni nyingi za Umoja kuhusu bidhaa, na ukaguzi ukahamia kwenye bidhaa zinazotoka sehemu nyingine za Uingereza yenyewe, utaratibu ambao ulilazimika kurekebishwa tena mwaka 2023.

Mwisho ni forodha. Mkataba wa biashara ulifikiwa tarehe 24 Desemba 2020, wiki moja kabla ya kwisha kwa kipindi cha mpito, yaani miezi ambayo Uingereza, ingawa ilishatoka, iliendelea kufuata kanuni za Umoja, na ingawa uliondoa ushuru kwa bidhaa zilizokidhi masharti ya asili, yaani ya mahali zilikotoka au kutengenezwa, haukuondoa makaratasi. Fikiria lori lililopakia samaki wabichi wa wavuvi wadogo kutoka Scotland, kila mmoja na makasha yake machache. Kila mzigo unahitaji tamko la forodha na cheti cha afya kilichotiwa sahihi na mkaguzi aliyeidhinishwa, na cheti kimoja kikiwa na kosa, lori zima linasimama huku barafu ikiyeyuka. Hayo ndiyo yaliyowakuta wauzaji wengi Januari 2021. Kwa hiyo maofisa wa forodha na madaktari wa mifugo waajiriwe, fomu zijaribiwe, na vituo vya ukaguzi vijengwe kabla ya siku ya kuondoka. Uingereza yenyewe iliahirisha mara kadhaa ukaguzi wa vyakula vinavyoingia kutoka Ulaya, na ukaguzi wa mizigo yenyewe ulianza mwishoni mwa Aprili 2024, zaidi ya miaka minne tangu ilipojitoa.