Kabla theluji haijaanguka: kuazimana vitabu na gemu za ndani

Wadau wa Minnesota na nyie wengine wote mlioko kwenye baridi, muda ndo huu. Oktoba inakatika na mnajua Desemba hapa Saint Paul ikifika saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, watoto wamerudi shule, nje hakutokeki, na mpaka muda wa kulala mna masaa matano sita ya kugombania rimoti tu. Sisi familia nne huu mwaka wa tatu tunaazimana vitabu na gemu za mezani na tumeshakosea vya kutosha, kwahiyo yafuatayo yawekeni sawa mapema.

Kwanza kabisa usiulize "gemu gani zuri?" maana kila mtu atakutajia analolipenda yeye. Sema mko wangapi, mdogo wenu ana miaka mingapi, na mna muda gani. Mimi niliuliza kijumlajumla nikapewa Catan, ni gemu tamu kweli, la Kijerumani la 1995, mnajenga barabara na vijiji na kubadilishana kondoo kwa matofali, ila boksi la kawaida linachezwa na watu watatu hadi wanne na siku ile nyumbani tulikuwa saba. Wanne wakacheza, sisi watatu tumekaa pembeni kama wasimamizi wa mtihani, na kabla mtu hajafikisha pointi 10 za kushinda mtoto wa dada yangu keshalala juu ya rundo la majaketi. Ticket to Ride, lile la treni, linaenda mpaka watu watano na sheria zake unazielewa chapchap, kwa kuanzia bora hilo.

Halafu angalia lugha, hapa ndo wengi tunajisahau. Codenames ni gemu la maneno 25 mezani, mko timu mbili, kiongozi wenu anatoa neno moja na namba nyie mnakisia maneno yapi anayalenga. Kadi zake zimeandikwa Kiingereza, sasa mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, atacheza na nani? Tukakata vikaratasi tukaandika ya kwetu, tukachagua kwa makusudi yale yenye maana mbili tatu, kaa, paa, panda, kata, mbuzi. Mume wangu kiongozi akasema "nazi, mbili." Mama mkwe hata hakufikiria, kidole kwenye mbuzi, kidole kwenye kata. Watoto waliozaliwa huku wakabaki wameduwaa, mbuzi na nazi wapi na wapi, ikabidi gemu lisimame bibi aeleze mbuzi ya kukunia nazi na kata ya kifuu, na jioni yote ikaishia hapo. Basi andaeni vikaratasi vyenu sasa hivi mkiwa na akili imetulia, 100 hivi vinatosha.

Karata nazo kubalianeni sheria kabla ya kugawa. Sisi Watanzania na jirani yetu Mkenya tulibishana nusu saa nzima kama tatu inalisha au hailishi, yaani anayefuata aokote karata au asiokote, chai ikapoa.

Bao ndo usiazime bila kuhesabu kete. Zinatakiwa 64, kila mtu 32, na mkianza kila mmoja ana 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na 10 zimeshakaa ubaoni, zikipungua mbili tu hesabu yote imeharibika. Komwe, zile mbegu za kuchezea, zikipotea huku huzipati, ila maharage makavu yanafanya kazi. Na kama ubao huna, chukua maboksi matatu ya mayai 12, mawili yaache mazima, la tatu kata vipande vya mashimo manne manne, ongeza kipande kimoja kimoja kwenye yale mazima, unapata mashimo 16 kila upande. Watoto wangu wamejifunzia kwenye boksi la mayai na sasa wananifunga.

Kwenye vitabu, pendekezeni vinavyoweza kusomwa na watu wawili tofauti ndani ya nyumba. Mfano wangu ni Paradise cha Gurnah, yule wa Nobel ya 2021, kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis kikatoka 2022 kwa jina la Peponi, binti yangu anasoma cha Kiingereza mimi nasoma cha Kiswahili, tukikutana jikoni tunabishana. Anayetaka upelelezi mpeni Bwana Msa kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, cha 1960 lakini utakesha nacho. Vya Kiswahili kuvipata huku kazi, kwahiyo ulizia mapema nani anarudi kutoka Dar ana kilo zimebaki kwenye begi, usisubiri Januari. Vya Kiingereza wekeni oda maktaba kabla ya foleni, Saint Paul walishafuta faini za kuchelewesha tangu 2019, ila ukikipoteza kitabu unalipa.

Mwisho, kila kinachotoka kipige picha na aliyekichukua akiwa amekishika, tuma kwenye grupu. Bao langu la mninga limetoka Februari bila picha, na aliyenalo najua anasoma hapa.